Mwandishi mmoja, sura tatu za sinema: Farah Aden yuko wapi?

Katika nyumba nyingi za Lushoto, Soni na Mlalo, sinema si kitu cha kufuatwa mjini tena. Imo sebuleni, na imo ndani ya simu ya kijana aliyejilaza chumbani mwake baada ya Isha. Hatukusudii kurudia hapa mjadala wa iwapo watoto watazame au wasitazame. Tunataka kuzungumzia jambo ambalo wazazi hulitaja kwa nadra: kwamba sinema inayosimulia maisha ya mtu aliyepata kuishi duniani ni habari, na habari kwetu Waislamu ina adabu zake za kupokelewa.

Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat inatutaka tuihakiki habari kabla ya kuijengea hukumu. Wanazuoni wa Hadithi waliifanya amri hiyo kuwa elimu kamili. Waliuliza: nani amesimulia? Kaipokea kwa nani? Alikuwepo au hakuwepo? Yuko mwingine aliyeshuhudia jambo hilohilo akalieleza vinginevyo? Hatulinganishi sinema na Hadithi, hasha. Tunaazima maswali tu, kwa sababu ni maswali mazuri, na mtoto aliyepita madrasa amekwisha kuyasikia.

Ili maswali hayo yasibaki hewani, tumechagua mfano wa mwandishi mmoja aliyeishi Afrika Mashariki na ambaye ameigizwa mara kadhaa, kila mara akiwa mtu tofauti. Ni Karen Blixen wa Denmark. Na tumemchagua kwa sababu ya mtu aliyesimama kando yake kwa miaka yote aliyokaa Kenya: Farah Aden, Msomali na Mwislamu, msimamizi wa nyumba yake.

Jirani wa upande wa pili wa mpaka

Blixen alizaliwa mwaka 1885. Aliteremka Mombasa Januari 1914, akaolewa huko na Bror Blixen, kisha wakaenda kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Ndoa ilivunjika, shamba likafilisika, na mwaka 1931 alirudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1937 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, Out of Africa, kilichompa jina duniani.

Hadithi hiyo haiko mbali na milima yetu kama inavyodhaniwa. Katika meli ya Kijerumani iliyomleta, Admiral, alisafiri pamoja na Paul von Lettow-Vorbeck, afisa aliyekuwa akija kushika uongozi wa jeshi la Wajerumani katika koloni hili letu, na wakawa marafiki. Wakati huo Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Miezi michache baadaye vita vilipozuka, mwanamke yule alikuwa akisafirisha mizigo ya jeshi la Waingereza kwa magari ya ng'ombe katika nchi ya Wamasai, karibu na mpaka, na rafiki yake wa melini alikuwa adui upande wa pili, yaani upande wetu.

Hata kahawa yake wakulima wa Usambara wanaweza kuielewa kuliko watazamaji wa Ulaya. Shamba lake lilikuwa juu ya futi 6,000, mahali ambapo mbuni hauzai kwa raha, na yeye mwenyewe anakiri kitabuni kwamba palikuwa juu mno. Wajerumani nao walipanda kahawa Usambara Mashariki katika miaka ya 1890 kwa matumaini makubwa, wakavunjwa moyo na udongo. Leo ukipita kuelekea Amani unakuta chai.

Na anayesimama Mtae akaangalia chini huliona bonde la Mkomazi, na ng'ambo ya Mkomazi ni Tsavo ya Kenya. Huko, kwenye mji wa Voi, ndiko ndege ndogo ya Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa mpenzi wa Blixen, ilikoanguka tarehe 14 Mei 1931. Kifo hicho ndicho kilele cha filamu tunayoanza nayo.

Sura ya kwanza: mama wa shamba

Filamu ya Out of Africa ilitoka mwishoni mwa 1985, ikiongozwa na Sydney Pollack wa Marekani. Meryl Streep ndiye Karen, na Robert Redford ndiye Finch Hatton. Ilipata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Kwa watu wengi duniani filamu hii ndiyo Karen Blixen. Ndiyo Kenya pia.

Tuiulize imepokea kwa nani. Ilitegemea vitabu vya Blixen mwenyewe, wasifu wake ulioandikwa na Judith Thurman, na kitabu cha Errol Trzebinski juu ya Finch Hatton. Kwa hiyo ni masimulizi ya mwanamke mwenyewe, yakaongezewa mapenzi ambayo yeye kitabuni hakuyaweka wazi. Matokeo yake ni mwanamke mkarimu, mwenye huzuni nzuri, anayependa kila anayekutana naye. Mwishoni anampigia magoti gavana mpya mbele ya watu ili Wakikuyu waliokuwa wakiishi shambani wapewe ardhi. Kitabuni kuna juhudi ya kweli ya kuwatafutia watu wale mahali pa kukaa pamoja, lakini ni juhudi ya kuhangaika kwenye ofisi za serikali, siku baada ya siku. Filamu imekipendelea kitendo kimoja cha kuliza watu.

Hata mpenzi wake amebadilishwa. Finch Hatton alikuwa Mwingereza wa ukoo wa kitajiri, lakini Redford anamwigiza kwa lafudhi ya Kimarekani, huku Streep akihangaika kuiga lafudhi ya Kidenmark. Mtazamaji makini atajiuliza: ikiwa Mwingereza anaweza kugeuzwa hivyo, wengine wasio na wa kuwatetea wamegeuzwa vipi?

Sura ya pili na ya tatu: mtawala na mfilisika

Wadenmark wenyewe walichelewa kujibu. Mwaka 2021 mwongozaji Bille August alitoa Pagten, yaani Mapatano. Humo Karen anaigizwa na Birthe Neumann, na ni mwaka 1948. Afrika imekwisha. Yeye ni mwandishi mashuhuri wa miaka 63, mgonjwa, anayekaa katika nyumba ya wazazi wake. Anamchukua mshairi kijana mwenye mke, Thorkild Bjørnvig, na kumwahidi kumfikisha mbali katika uandishi kwa sharti kwamba amtii katika kila kitu. Mwanamke wa filamu hii ni mwerevu, mcheshi na mkatili. Anaichezea ndoa ya kijana yule kama mtu anayesogeza kete.

Filamu hii imepokea kwa nani? Kwa Bjørnvig, aliyeandika kumbukumbu zake mwaka 1974, miaka 12 baada ya Blixen kufariki. Ni ushuhuda wa aliyeumia. Hatusemi ni uongo, maana aliyeumia anaweza kusema kweli tupu. Lakini ni ushuhuda wa mtu mmoja juu ya mtu asiyeweza tena kujibu.

Mwaka uliofuata, 2022, ikatoka tamthilia iitwayo Drømmeren, yaani Mwota Ndoto, ambamo Connie Nielsen anamwigiza Karen anayerudi nyumbani 1931. Ana miaka 46. Hana mume, hana fedha, anaishi kwa hisani ya mama yake katika familia inayomwona kama msiba. Anaamua kuandika, na mwaka 1934 kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilichomjulisha kwa wasomaji kinachapishwa Marekani. Karen huyu si malaika wa shamba wala si mtawala wa roho za watu. Ni mwanamke aliyeshindwa, anayejaribu kuinuka. Kati ya sura tatu, sisi tumeiona hii kuwa ndiyo yenye uadilifu zaidi kwake yeye, kwa sababu inamruhusu awe na aibu.

Wahakiki wa Ulaya wanaweza kuishia hapo: nani kaigiza vizuri, nani kafanana naye. Sisi tuna swali jingine. Katika sura zote tatu, Farah ameachiwa nafasi gani?

Farah wa skrini na Farah wa kitabuni

Katika Pagten na Drømmeren, hadithi iko Denmark, na Afrika imebaki kuwa kumbukumbu na fanicha. Hilo linaeleweka. Katika filamu ya 1985 yumo, na mwigizaji wake, Malick Bowens, anamwigiza kwa heshima na utulivu. Anampokea Karen anapowasili, anasimamia nyumba, anazungumza machache. Kwenye kituo cha treni, wanapoagana, Karen anamwomba amtamkie jina lake, na analitamka. Ni tukio linalogusa.

Lakini mtu huyu anaishi wapi? Anakwenda kwa nani jioni? Mke na watoto wake hawana nafasi katika hadithi. Uislamu wake umebaki kwenye kilemba. Ni mtu mwema anayesimama mlangoni.

Farah wa kitabuni ni mtu mwingine. Kwa maelezo ya Blixen, alimpokea tangu Aden, kabla hajaiona Afrika hii. Funguo na fedha za nyumba zilikuwa mikononi mwake. Kulikuwa na wakati ambapo Blixen alimhadithia Farah igizo la Shakespeare ambalo wasomaji wetu wanalijua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, Mabepari wa Venisi. Farah alisikiliza kwa makini ya mfanyabiashara anayesikia kesi ya kweli, kisha akakataa hukumu. Aliona kwamba mdai hakupaswa kukata tamaa. Angeweza kutumia kisu kilichopashwa moto kisitoe damu, na angeweza kukata vipande vidogovidogo, maana mkataba haukumkataza kuchukua kidogo kidogo. Blixen alipomwambia kwamba katika hadithi mdai aliacha dai lake, Farah alisema hilo lilikuwa jambo la kusikitisha sana. Tunaweza kumcheka au kushtuka. Lakini ndiye Farah anayebishana, mwenye akili ya mikataba, asiyemkubalia bibi yake kwa sababu tu ni bibi yake. Huyo filamu haikumtaka.

Tunaongeza tahadhari: hata kitabu nacho tusikipokee kwa macho yaliyofumbwa. Farah wa kitabuni ni Farah kama alivyoonwa na mwajiri wake. Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa Blixen kwa ukali katika Detained, kumbukumbu zake za kifungoni, kwa jinsi alivyowatazama Waafrika, na lawama hiyo ina msingi. Zipo kurasa ambamo watu wanafananishwa na wanyama wa porini, na mapenzi ya mwandishi hayaifuti dharau iliyomo. Hata hivyo ndani ya kitabu hicho chenye kasoro mna Farah mwingi zaidi kuliko ndani ya filamu.

Wanawake wa Kisomali

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, inahusu wanawake. Katika filamu mwanamke wa Kisomali anayeonekana waziwazi ni Mariammo, anayeigizwa na mwanamitindo Iman, ambaye mwenyewe ni Msomali. Mariammo ni mwanamke anayeishi kwa siri na mzungu, Berkeley Cole. Anatokea kidogo, mrembo na kimya. Mtazamaji asiyewajua Wasomali ataondoka na picha hiyo peke yake.

Kitabuni Blixen ameandika kwa urefu juu ya wanawake wa nyumbani kwa Farah: mke wake aliyetoka Usomali, mama mkwe, na wasichana wa ukoo. Anaeleza stara yao, mavazi yao, usafi wa nyumba yao, na hadithi walizohadithiana. Walimhoji kuhusu ndoa za Ulaya, na walifadhaika kusikia kwamba kuna mataifa ambayo binti hutolewa bila mahari, na zaidi ya hapo, kuna ambako upande wa mke ndio humlipa mume. Kwao hayo yalikuwa ni kukosa heshima kwa binti na kwa ukoo wake. Mwandishi aliyekuja na fahari zake za Ulaya alijikuta mbele ya wanawake wanaomwonea huruma.

Mazungumzo hayo yangechukua dakika tatu za filamu yenye zaidi ya saa mbili na nusu. Yangemwonyesha mtazamaji wa Chicago au wa Copenhagen nyumba ya Kiislamu ambamo watu wana maoni, wana kicheko na wana hukumu yao juu ya dunia. Badala yake familia ikaondolewa, akaingizwa hawara. Hatujui kwamba ilifanywa kwa chuki, na hatuna haja ya kudai hivyo. Inatosha kusema kwamba aliyeandaa filamu alitafuta mapenzi ya siri, akayaona, na nyumba yenye ndoa hakuiona.

Aliyesema na asiyesema

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo: nani amesimulia? Pollack amepokea kwa Blixen na waandishi wa wasifu. August amepokea kwa Bjørnvig. Katika minyororo hiyo yote Farah ni anayesimuliwa, na kamwe si msimulizi. Hakuacha kitabu. Blixen alimkumbuka hadi uzeeni, na kitabu chake cha mwaka 1960, Shadows on the Grass, kinaanza na sura yenye jina la Farah. Katika kurasa za mwisho za Out of Africa ni Farah anayetembea naye kwenye stesheni ya Samburu, upande wa pwani, garimoshi likijazwa maji, huku vilima vya Ngong vikionekana mbali kwa mara ya mwisho. Lakini tunachojua ni alichokiona Blixen akigeuka nyuma. Alichokiona Farah hakikuandikwa.

Mpishi wa nyumba ileile, Kamante, alipata bahati nzuri zaidi. Masimulizi yake yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1975 chini ya usimamizi wa Peter Beard. Kwa hiyo leo mtafiti anaweza kumweka Kamante mbele ya Blixen na kuwasikiliza wote wawili. Farah hana pa kuwekwa.

Watu wa Usambara wanapaswa kuielewa tofauti hii kuliko wengi. Historia ya watawala wa Vuga tunaijua kwa undani kwa sababu Mwislamu mmoja, Abdallah bin Hemedi, aliyeishi karibu na Wakilindi na kuwasikiliza, alikaa akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Wanahistoria wanabishana naye hapa na pale, na ni haki yao. Lakini wanabishana na mtu wa ndani. Kama asingeandika, Kimweri wa Vuga angebaki kuwa mstari katika shajara ya mmishonari Krapf, aliyefika huku mwaka 1848, kama vile Farah alivyobaki mstari katika shajara ya mwingine.

Kwa wazazi

Tuseme wazi kwamba Out of Africa ina ulevi na mahusiano nje ya ndoa, na Pagten kiini chake ni kuharibu ndoa ya mtu. Si filamu za kuwakusanyia watoto wadogo. Kwa vijana wa sekondari ambao watakutana nazo hata hivyo, ni bora wazitazame wakiwa na maswali kuliko bila maswali. Waulizeni: msimulizi ni nani? Nani anazungumza na nani ananyamaza? Mwislamu huyu ana nyumba, ana mke, ana maoni, au ana kilemba tu? Maswali hayohayo yanafaa kwa tamthilia za Kituruki na za Kihindi, na hata kwa filamu zetu za Dar es Salaam ambamo sheikh huwa ni mganga na mke mwenye hijabu huwa ni wa kuchekesha.

Kisha liko la pili, nalo ni zito zaidi. Mashambani na majumbani mwa wazungu waliokaa Lushoto, Soni na Amani walifanya kazi babu na bibi zetu: wapishi, madereva, makarani, wayaya, wachumaji wa chai, wasimamizi. Walishika funguo na fedha za watu, walisali kwenye vyumba vya nyuma, walioa, walizaa, walikuwa na maoni juu ya mabwana wao ambayo hawakuyasema mezani. Wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wazee sana, na kila Ijumaa tunaposimama kwa sala ya jeneza, yumkini tunazika kitabu ambacho hakikuandikwa.

Simu inayoonyesha sinema ndiyo hiyohiyo inayorekodi sauti. Kijana akae na babu yake saa moja baada ya Alasiri, amuulize kwa adabu: Babu, ulifanya kazi kwa nani? Ulilipwa nini? Ramadhani ulifuturu wapi? Bibi ulimwoa vipi, na mahari ilikuwa nini? Lipi walilokufanyia hukulisahau? Aandike jina kamili la mzee, kijiji na tarehe, kisha atunze nakala mbili, moja nyumbani na moja msikitini au madrasa. Mzee akizungumza Kisambaa, aachwe azungumze Kisambaa. Tafsiri itafuata.

Siku moja mtu kutoka mbali atakuja na kamera kusimulia milima hii, na atauliza nani aliandika. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie tuwe wenye kuhifadhi amana ya habari zao. Wabillahi tawfiq.